Daftari la Katekista: Kanisa la Buha Katika Miaka ya Mabadiliko

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya historia ya dini huko kwetu Kasulu na Kibondo. Anasema vijana walioko shuleni sasa hudhani kwamba Kanisa limekuwa hivi lilivyo tangu siku ya Pentekoste, na kwamba Misa imesomwa kwa Kiswahili tangu dunia iumbwe. Nimekubali, ila nimemwambia mapema kwamba sitaandika historia ya maaskofu tu. Mimi ninayo madaftari manne ya marehemu baba yangu, aliyekuwa katekista wa kigango kimoja mashariki ya Kibondo, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mbuga za Moyowosi. Madaftari hayo yameliwa na mchwa pembeni, na mwandiko wake ni ule wa penseli iliyolowekwa mate, lakini yanasomeka. Sehemu kubwa ya haya ninayoandika imetoka humo. Mengine nimeyaona kwa macho yangu, na tarehe za mambo makubwa zinajulikana na watu wote.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika Ujiji Januari 1879. Mtu akitazama ramani atadhani kwamba kutoka Ujiji mpaka Kasulu ni hatua chache, na kwamba dini ilipanda mlima mwaka uliofuata. La hasha. Nyanda za juu za Buha zilikaa miaka mingi chini ya Bami wao, kila mmoja na nchi yake, Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, na dini ilipanda polepole sana. Vikarieti ya Kigoma ilianzishwa mwaka 1946, ikawa jimbo kamili mwaka 1953, chini ya Askofu Jan van Sambeek. Baadaye akaja Askofu James Holmes-Siedle, aliyetuongoza hadi mwaka 1969. Wote wawili walikuwa wa shirika hilo la Mapadre Weupe.

Kabla ya hapo wazee wetu walikuwa wamekwisha hamishwa mara moja. Katika miaka ya 1930 Serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wengi wa Kibondo na kuwaweka mahali pamoja kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Baba alikuwa kijana mdogo wakati huo. Aliniambia kwamba alichokumbuka zaidi ni mama yake akibeba moto katika kigae, asitake kuanza maisha mapya kwa moto wa jirani. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo la kuhamishwa, maana nitalirudia.

Baba alibatizwa baada ya miaka minne ya ukatekumeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Mapadre Weupe tangu siku za Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao: miaka minne ya kufundishwa na kujaribiwa, na medali shingoni kabla ya maji kichwani. Miaka minne si mchezo. Kijana aliyeanza akiwa hana ndevu alibatizwa akiwa nazo. Mtu aliyelipia dini kwa bei hiyo hakuwa tayari kuambiwa baadaye kwamba jambo fulani katika dini hiyo linaweza kubadilishwa. Nasema hivi ili vijana wasimcheke baba yangu watakapofika mbele kidogo.

Kigango chetu kilikuwa nyumba ya miti na udongo, paa la nyasi, na kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti. Padre alikuja kwa pikipiki mara moja katika miezi miwili, na wakati wa masika hata hiyo mara moja ilikuwa bahati. Jumapili nyingine zote baba ndiye aliyeongoza sala, akafundisha katekisimu kwa Kiswahili na kueleza kwa Kiha pale macho ya watu yalipoonyesha kwamba hawajaelewa. Alizika watu, alibatiza watoto walio katika hatari ya kufa, aliamua ugomvi wa mipaka ya mashamba. Mshahara wake ulikuwa mdogo mno, ukaletwa na padre katika bahasha. Kilichotulisha hasa ni maharage, muhogo na mizinga ya baba iliyokuwa porini. Asali tulikula na kuuza. Nta aliipeleka misheni, maana mishumaa ya altare ilitakiwa iwe na nta ya nyuki, na baba alijivuna kwamba nyuki wa Kibondo wanamwangazia Mungu.

Misa yenyewe ilikuwa kwa Kilatini. Mimi nilianza kutumikia nikiwa na miaka tisa, na baba ndiye aliyenifundisha kuitikia. Nilijua Confiteor yote bila kuelewa neno moja, na baba, nadhani, alielewa machache kuliko alivyotaka nijue. Padre alisimama akitazama ukuta, nasi nyuma yake tukitazama ukuta huo huo. Akina mama walisali Rozari wakati Misa ikiendelea. Kengele ndogo ilipolia wote waliinama. Palikuwa na ukimya ambao sijausikia tena popote, hata usiku.

Sasa tufike kwenye Mtaguso. Papa Yohane wa XXIII aliufungua Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano tarehe 11 Oktoba 1962. Daftari la baba la mwaka huo lina mstari mmoja: “Papa amewaita maaskofu wote Roma. Tuwaombee wasafiri salama.” Basi. Zaidi ya maaskofu 2,000 walikutana huko, na kati ya Waafrika alikuwako Kardinali Laurean Rugambwa wa kwetu, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kufanywa kardinali. Papa Yohane akafa Juni 1963, akachaguliwa Papa Paulo wa VI, na tarehe 4 Desemba 1963 maaskofu wakapitisha Hati juu ya Liturujia kwa kura 2,147. Waliokataa walikuwa 4 tu. Hati hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa lugha za watu kuingia katika Misa.

Juu ya kura hizo daftari la baba halina neno. Ukurasa wa Desemba 1963 unasema juu ya mvua, mtoto aliyeumwa na nyoka, na nta. Wala msishangae. Kwetu sisi mwaka huo habari kubwa ilikuwa nyingine: Serikali ya Tanganyika huru ilikuwa imeondoa utawala wa machifu. Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyetawala kule Kasulu tangu mwaka 1946 na ambaye jina lake lilijulikana nchi nzima, alibaki na heshima ya watu lakini si mamlaka. Wazee walikaa chini ya miti wakiulizana nani sasa ataomba mvua. Kwa hiyo Kanisa lilipoanza kubadilika, halikubadilika katika nchi iliyotulia. Kila kitu kilikuwa kinasogea, nao watu walikuwa wamelishika Kanisa kama mtu anavyoshika mti katika maji ya mafuriko.

Katikati ya miaka ya 1960 padre alikuja kigangoni akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo masomo na sehemu nyingi za Misa zitakuwa kwa Kiswahili. Maelezo yake hayakuzidi robo saa. Hilo ndilo lalamiko langu kuu juu ya mambo ya wakati ule, na sisemi ni padre gani wala wa parokia gani: jambo ambalo maaskofu walilijadili kwa miezi, sisi tulielezwa kwa muda wa kunywa chai. Safari iliyofuata alikuja na meza ndogo, akaisimamisha mbali na ukuta, akatugeukia. Baadaye zikaja ngoma.

Hapo baba alisimama. Si kwamba alipinga kwa maneno. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Lakini katika ujana wake, siku alipopokea medali, aliambiwa aache ngoma kwa sababu ngoma ni za mizimu. Aliiacha. Alikosana na ndugu zake kwa ajili hiyo, na mmoja wao hakuzungumza naye mpaka kifo. Sasa vijana wa kwaya wanaingia na ngoma ile ile hadi mbele ya altare, na padre anatabasamu. Katika daftari aliandika: “Aliyeniondolea ngoma ndiye anayeniletea. Nimwulize kaka yangu nini?”

Kwa upande wa kanuni, jibu lilikuwapo. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alikwisha toa kitabu mwaka 1963 juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na huko Kamina katika Kongo Padre Guido Haazen alikuwa ameunda Misa Luba tangu mwaka 1958. Lakini nani angemletea katekista wa Kibondo kitabu hicho? Ndivyo ilivyokuwa na saumu pia. Zamani mtu aliyetaka kukomunika alifunga tangu usiku wa manane, hata maji yenyewe yakikatazwa katika siku za mwanzo, na watu wetu walitembea maili nyingi hadi parokiani matumbo yakilia. Ilipotangazwa kwamba saa moja yatosha, bibi mmoja alimwuliza baba: na zile nilizofunga miaka yote, zimehesabiwa au la? Juu ya ruhusa ya kula nyama Ijumaa hakuna aliyesumbuka. Nyama yenyewe ilikuwa wapi?

Katika mwaka 1966 daftari lina majuma saba matupu. Nimeyahesabu. Sijui hasa kilichotokea, ila nakumbuka kwamba siku padre alipokuja, baba alimwachia mtu mwingine kupanga vyombo, akakaa nyuma mlangoni pamoja na wakatekumeni kama mtu ambaye hajabatizwa. Baada ya Misa padre yule, mzee wa Kizungu aliyekuwa amekaa Buha miaka mingi, alimfuata nje. Mimi nilikuwa nimeshika usukani wa pikipiki, kwa hiyo niliwasikia. Baba alimwuliza kwa Kiswahili chake cha adabu: “Baba Padre, kama ile ya zamani ilikuwa kweli, kwa nini imeachwa? Na kama haikuwa kweli, mimi nimewafundisha nini watu waliokwisha kufa?”

Padre alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba na yeye hakulala vizuri tangu mambo haya yaanze. Amesoma Misa kwa Kilatini tangu siku ya upadrisho wake, na anaposoma kwa Kiswahili hujisikia kama mtu aliyevaa koti la jirani. Lakini, akasema, yeye hakuja Buha kwa sababu ya Kilatini. Alikuja kwa sababu alitumwa, na aliyemtuma hajamwambia arudi. Akawasha pikipiki akaondoka.

Jibu hilo halikujibu swali. Baba mwenyewe alikiri hivyo alipokuwa mzee. Lakini Jumapili iliyofuata rimu iligongwa kwa saa yake, na daftari likaanza tena: “Nimeongoza sala. Sijaelewa bado. Kazi ni ya Mungu, nitangoja.” Maneno hayo matatu, sijaelewa bado na nitangoja, yanarudi katika daftari mara nyingi kwa miaka mitatu au minne. Msomaji asidhani ni maneno ya mtu aliyekata tamaa. Katika muda huo huo alijifunza kwa moyo majibu yote ya Misa kwa Kiswahili, akayafundisha nyumba kwa nyumba, akiwa na miaka karibu hamsini.

Mimi ndiye niliyemkosea. Nilijiunga na shule yetu Januari 1970. Watu wa umri wangu watakumbuka jinsi tulivyojiona wajuzi. Nilisoma gazeti la Kiongozi katika maktaba, nikasoma juu ya Mtaguso, nikaona kwamba mimi peke yangu katika wilaya nzima ndiye niliyeelewa. Likizo ya kwanza nilimwambia baba kwamba Kilatini alichonifundisha kilikuwa kelele tu, kwamba watu walidanganywa miaka thelathini. Baba alinitazama, akachukua panga na kamba, akaenda kutazama mizinga. Alirudi usiku. Hatukulizungumza tena.

Mwaka huo huo shule ilibadilishwa mikononi mwetu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa Serikali uwezo wa kuchukua shule za mashirika ya dini zilizopokea ruzuku, na mwaka 1970 zikachukuliwa, yetu ikiwemo. Kibao cha lango kilipakwa rangi upya. Sala ya asubuhi ikawa gwaride. Walimu watawa walibaki wachache, wakiwa sasa watumishi wa Serikali, na vipindi vya dini vikaendelea lakini kwa kila dhehebu peke yake. Wengi katika Kanisa waliogopa kwamba sasa vijana wamekwisha potea. Wengine walimlaumu Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa Misa ya kila siku, kwa kulinyang'anya Kanisa lake mwenyewe. Oktoba mwaka huo Mwalimu alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika vita vya kuuondoa umaskini na dhuluma, litaonekana liko upande wa wanaodhulumu. Sisi wanafunzi tulipiga makofi. Wazee wetu waliokuwa wamechoma matofali ya shule za misheni kwa mikono yao hawakupiga makofi, na leo nawaelewa. Hata hivyo watoto wa Kiislamu na wa Kianglikana waliokaa dawati moja nami tangu mwaka huo ndio hao ninaokutana nao kila mwaka katika mkutano wetu, na singetaka kuwapoteza.

Mwaka 1969 tulikuwa tumempata Askofu Alphonse Nsabi, Mwafrika wa kwanza kuongoza Jimbo la Kigoma. Yeye aliongoza hadi mwaka 1989. Kazi aliyoikuta ilikuwa ngumu: wamisionari wanazeeka, fedha za nje zinapungua, shule zimekwenda, na mapadre wazalendo wachache. Bahasha ya baba ilianza kuchelewa, kisha ikakoma. Watu wa kigango waliambiwa wamtunze katekista wao wenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa limetufundisha neno kujitegemea tangu mwaka 1967, ila hatukudhani kwamba litaingia hata sakristia. Waumini walileta maharage na siku mbili za kulima shambani kwake. Baba aliandika kila debe.

Mwaka 1972 wakaja ndugu zetu wa Burundi wakikimbia mauaji. Walivuka mpaka na watoto mgongoni, wakipitia Kasulu na Kibondo, na wengi wao baadaye walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Lugha yao na Kiha ni mtu na binamu yake. Walisali wakimwita Mungu Imana, neno ambalo mababu zetu pia walilitumia kabla ya padre yeyote kufika. Baba aliwaweka wengine nyumbani kwetu. Usiku walisali wao kwa Kirundi, nasi kwa Kiswahili, na siku moja baba alimsikia mzee mmoja wa Kirundi akisali kwa Kilatini peke yake gizani. Akamwitikia. Jambo hilo nimelikuta katika daftari, hakunisimulia.

Nilimaliza kidato cha nne Novemba 1973, nikarudi nyumbani. Lori liliniacha njiani jioni, nikakata porini kwa njia niliyoijua tangu utotoni. Nilipofika sikukuta mtu. Nyumba yetu haikuwa na paa. Kigango hakikuwa na paa. Rimu haikuwapo mtini. Operesheni ya vijiji, ambayo Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuipata, ilikuwa imepita nami niko bwenini nikijiandaa kwa mtihani. Nililala pale ndani ya kuta. Asubuhi nilifuata alama za magari kama maili tisa hadi kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, nikamkuta baba anajenga. Rimu ilikuwa imetundikwa tayari, kabla ya paa la nyumba yake mwenyewe. Mama alinicheka kwa uso wangu ulivyokuwa. Baba alisema tu, “Safari hii walituletea gari,” maana miaka ya malale walitembea.

Sitaki kuisifu operesheni ile. Watu waliacha mihogo ardhini na mizinga porini, na katika sehemu nyingine nguvu ilitumika kuliko maneno. Baba alipoteza mizinga yote isipokuwa michache, na mishumaa ya nyuki wetu ikaishia hapo. Lakini kwa Kanisa kulitokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Zamani kila misheni ilikuwa na eneo lake, na Mkatoliki wa mashariki ya Kibondo aliweza kuzaliwa na kufa bila kumjua Mwanglikana kwa jina. Sasa waliwekwa mstari mmoja wa nyumba, Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na Waislamu. Miezi ya kwanza hakukuwa na kanisa la mtu yeyote, palikuwa na mwembe mmoja. Sisi tulisali mapema, Waanglikana wakaja saa nne, na rimu ya baba iliwaita wote. Naye padre, aliyekuwa akizunguka vigango vingi vya watu wachache, sasa aliwakuta watu wengi pamoja.

Jirani yetu kaskazini, katika Jimbo la Rulenge, Askofu Christopher Mwoleka alikwenda mbali zaidi: yeye mwenyewe alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akalima pamoja na watu. Baba alipata habari hiyo akaikataa. Askofu, alisema, hawezi kushika jembe. Padre alimwapia kwamba ni kweli. Baba akafikiri, akasema, “Basi huyo hatahitaji kuelezwa.”

Kisha zikaja jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki katika umoja wao wa AMECEA walizungumzia jambo hilo mwaka 1973, na mwaka 1976 walipokutana Nairobi wakaliweka mbele ya kazi nyingine. Maana yake ni kwamba familia chache za jirani zikutane, zisome Neno la Mungu, zisaidiane, na zisimngoje padre kwa kila kitu. Katika Tanzania jambo hilo halikuwa geni kwa umbo, kwa sababu tulikuwa na nyumba kumi kumi za Chama tangu mwaka 1964. Baba aliona kwamba sasa wanataka kumwondolea kazi. Kwa kiasi fulani alikuwa na haki, maana kila jumuiya ilihitaji msomaji, naye alikuwa mmoja.

Msomaji wa jumuiya yetu alipatikana mahali ambapo hakuna aliyetazama. Mama yangu hakupata kwenda shule. Lakini mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kisomo iliendelea kwa miaka kadhaa baadaye. Mama alihudhuria kila alasiri akiwa na ubao mdogo, na baba alimtania kwamba atakuwa karani wa wilaya. Jumapili moja ya mwaka 1976, padre akiwapo, mama alisimama mbele ya kijiji kizima na kusoma somo la kwanza. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na alipokosea alirudia sentensi tangu mwanzo. Nami nilikuwapo. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinama kama wakati wa kengele ndogo ya zamani.

Usiku ule aliandika maneno mengi kuliko kawaida. Anasema alijua Misa yote kwa Kilatini miaka ishirini, na mkewe alikuwa akisali Rozari nyuma yake miaka hiyo yote, na hakuwahi kumwuliza kama anasikia. Kisha anaandika: “Leo amenisomea yeye. Nimeelewa kidogo.” Hasemi nini.

Mambo yaliyofuata nitayapita upesi. Askofu Nsabi alifariki mwaka 1989, akafuatwa na Askofu Paul Ruzoka, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Tabora. Baada yake, kuanzia mwaka 2008 hadi 2012, jimbo liliongozwa na Askofu Protase Rugambwa, ambaye alifanywa kardinali mwaka 2023. Mwaka 1993 vita vya Burundi vilirudi, na kambi za Kibondo na Kasulu zikajaa, Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Mtabila. Mwaka 1996 wakaja Wakongo na Nyarugusu ikafunguliwa. Makatekista wakimbizi waliongoza sala chini ya maturubai, wakiwa na madaftari yao. Hiyo ni makala nyingine, na iandikwe na aliyekuwako kuliko mimi.

Papa Yohane Paulo wa II alipokuja Tanzania Septemba 1990 na kufika Tabora, baba aliuza mbuzi, akapanda lori mpaka Kigoma na treni mpaka Tabora, akiwa na miaka karibu sabini. Daftari la nne linasema: “Nimemwona kwa mbali. Watu wengi sana. Ngoma zilipigwa vizuri.” Hiyo ndiyo mara pekee katika madaftari yote manne ambapo anazisifu ngoma.

Alifariki mwaka uliofuata. Alikuwa ameacha ombi kwamba kaburini, baada ya kwaya kumaliza nyimbo zao, iimbwe sala moja ya wafu kwa Kilatini. Padre kijana aliyetuzikia hakuijua, akauliza kama yupo anayeijua. Wazee watatu walijitokeza katika umati. Mmoja wao alikuwa Mrundi. Wa nne nilikuwa mimi, na niligundua kwamba sikuwa nimesahau hata silabi moja.

Madaftari nitakuja nayo siku ya mkutano wetu wa mwaka huu, niyaweke mezani maktabani ili vijana wayaone. Wenzangu wengi ni watoto wa makatekista, wainjilisti na walimu wa madrasa, na najua kwamba juu ya makabati ya nyumba zenu kuna karatasi za namna hii. Zileteni kabla ya mchwa. Mwalimu mmoja wa historia amekubali kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na kila mtu ataondoka na zake.